Breki za Gari la Shule

Nililisikia kabla sijaliona. Injini ilikuwa inakuja kwenye mnyoofu wa uwanja wa mbio za magari kwa sauti moja ndefu, sauti ninayoijua kama kikohozi cha baba yangu, na mahali ilipopaswa kushuka haikushuka. Badala yake nikasikia gia zikiingizwa kwa pupa, ya tatu, ya pili, injini ikapiga yowe kama mbuzi aliyebanwa na mlango, halafu kokoto. Kokoto nyingi, zikigonga chuma kwa chini. Halafu kimya.

Nilikuwa nyuma ya ukuta wa maegesho, spana mkononi. Vumbi lilikuwa halijapanda juu ya ukuta na tayari nilijua ni gari letu. Ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi uliopita, kona ile ile, mchanga ule ule wa kokoto uliomwagwa pale kupokea magari yanayoshindwa kusimama, na mimi ndiye niliyejipiga kifua mbele ya watu kwamba haitatokea tena.

Uwanja huo wa mbio hufunguliwa mara moja moja kwa watu wa kawaida. Hakuna mashindano wala kombe. Unakuja na gari lako, unavaa kofia ngumu, unazunguka kwa kasi unayoimudu, na jioni unarudi nyumbani ukijisifu. Wenzetu huleta magari yanayong'aa hadi yanaumiza macho. Sisi tulileta gari la shule ya udereva.

Sitanii. Baba alikuwa mwalimu wa udereva maisha yake yote ya kazi, na karibu nusu ya madereva wa mji wetu walijifunza ndani ya gari hilo. Macho yalipoanza kumsumbua alimwachia dada yangu shule. Dada akanunua gari jipya la wanafunzi, hili kuukuu likabaki letu. Mlangoni bado linaonyesha kivuli cha maandishi yaliyobanduliwa, na upande wa abiria bado lina ile pedali ya pili ya breki, ambayo mwalimu huikanyaga mwanafunzi anapotaka kuingia dukani kwa watu bila kushuka garini. Lakini injini yake, niliyoifungua na kuifunga kwa mikono yangu mwenyewe, ilikuwa inawafunga midomo wenye magari ya kung'aa. Dada ndiye aliyeliendesha. Mimi ndiye niliyelitengeneza. Baba alikaa kiti cha pembeni, kofia ngumu kichwani, mikono juu ya magoti, ametulia kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Lilipovutwa kutoka mchangani, dada ndiye aliyeshuka kwanza. Alivua kofia, akanitazama mimi, si gari.

"Uliweka mafuta gani ya breki?" akauliza, kwa sauti ya kusikiwa na kila aliyekuwa na masikio.

Baba alishuka upande wa pili polepole, akakung'uta suruali, akasema bila kumlenga mtu kwamba breki zimeishiwa pumzi. Kisha akaanza kusalimiana na watu, maana hakuna mahali anapofika asikutane na mwanafunzi wake wa zamani. Kila kona ni Mwalimu, Mwalimu, shikamoo Mwalimu. Huku mimi nimesimama nachomwa na jua na aibu.

Niliingia nikakanyaga pedali. Ilizama hadi sakafuni, laini kama mkate uliolowa chai. Jambo lenyewe ni hili: mafuta ya breki kazi yake ni kupeleka nguvu ya mguu wako hadi kwenye magurudumu, na yanaweza kufanya hivyo kwa sababu hayabonyei. Ukiyapasha moto kupita kiasi yanachemka. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyea. Hapo unakanyaga mvuke, na gari linaendelea na safari zake kana kwamba hukuliomba chochote.

Msimamizi wa uwanja, mwanamume mwenye filimbi shingoni na subira ndogo, alikuja kutuambia kwamba tukiingia tena mchangani tusirudi kwake. Sikumbishia. Ila alipokuwa anaondoka alinivuta kando.

"Mwambie dada yako asishike breki kwenye mnyoofu," akaninong'oneza. "Taa zake za nyuma zinawaka tangu anatoka konani hadi anafika kona nyingine. Hata mafuta ya malaika yatachemka."

Nilimwambia dada. Nilimwambia vibaya, nakiri, kwa sauti ile ile aliyotumia yeye kwangu, na kwa furaha kidogo. Akasema kwamba yeye kila siku ya Mungu anawakaripia watu wazima kwa kulaza mguu kwenye breki, na sasa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye leseni yake yeye ndiye aliyemsaidia kuipata alipokuwa ameshindwa kurudi nyuma kati ya mapipa, anamwambia analaza mguu kwenye breki. Nikasema taa hazisemi uongo. Akasema taa zimefungwa na fundi, na fundi tunamjua.

Tulirudi nyumbani ndani ya gari hilo hilo, polepole, maana breki zilikuwa zimepoa na kurudi nusu. Mimi nilikaa nyuma na matairi ya akiba na jeki. Tuligombana njia nzima. Baba alikuwa anatazama nje dirishani, na mara moja tu alisema kwamba mtu wa baiskeli mbele yetu hana nia njema. Tulipofika, dada alizima injini, akanigeukia.

"Jumamosi ijayo wanafungua tena. Nitakwenda mara moja tu. Breki zikizama tena, nauza gari hili, na sitakaa ndani ya kitu chochote ulichokigusa wewe. Mchanga ule siku moja hautatosha."

Hakuongea kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa ameogopa. Dada yangu haogopi kitu, na alikuwa ameogopa kwa sababu ya kazi ya mikono yangu.

Kilichokuwa kinanitafuna zaidi ni kwamba mafuta niliyoweka mwezi uliopita yalikuwa mazuri. Niliyanunua yakiwa yamefungwa. Niliyaweka mwenyewe. Yalipaswa kuvumilia. Lakini nani angenisikiliza? Nikaamua kutafuta makali zaidi, na asubuhi iliyofuata nikaenda duka la vipuri.

Mwenye duka hilo hajawahi kutamka neno "sijui" tangu azaliwe. Nilimwambia nataka mafuta ya breki, namba nne, yale ya kuvumilia moto mkali, kopo ambalo halijafunguliwa. Akaweka mezani kopo la namba tano. Nikamwambia namba nne. Akaniambia nne ni ya watu wa zamani, siku hizi watu wako tano, na hivi kwani tano si kubwa kuliko nne? Nikamweleza kwamba hizo namba si umri wa watoto. Namba tano yake ni mafuta ya silikoni, jamii nyingine kabisa. Hayachanganyiki na yaliyomo kwenye gari langu, na kwa kazi ya uwanja hayafai. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa, akainama chini ya meza, akatoka na chupa ya namba nne iliyo nusu.

"Hii hapa. Nimefungua jana tu."

Kulikuwa na wateja wengine nyuma yangu. Walisikia somo bila kujiandikisha. Niliwaambia wote kwamba mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani kama mlevi, hayangojei kukaribishwa, na yakishakunywa yanachemka mapema. Ndiyo maana nyuma ya kopo kuna namba mbili za moto: moja ni ya mafuta mapya, ya pili ni ya mafuta yaliyokwisha kunywa maji. Mtu wa kwenda sokoni atazame ile ya pili, maana atakaa nayo muda mrefu. Mtu wa kwenda uwanjani atazame ya kwanza, anunue kubwa aipatayo, na akubali kuyabadilisha mara kwa mara. Chupa iliyofunguliwa jana, mwenye busara anaoshea tu mikono. Mama mmoja aliyekuja kununua balbu akaniuliza kama nimeoa.

Mwishowe mwenye duka akapanda ngazi, akapapasa rafu ya juu kabisa, akashuka na kopo dogo la bati lenye vumbi mgongoni. Nilifungua kifuniko mbele yake. Karatasi ya fedha ilikuwa imebana mdomo wa kopo, haijaguswa. Namba ya kwanza ya moto ilikuwa juu kuliko yote niliyowahi kuishika mkononi. Akaniambia hilo lilikuwepo siku zote, nilipaswa kulitaja. Nikaondoka kabla sijasema neno la kunifukuzisha dukani.

Nilianza kazi alasiri, uani nyuma ya nyumba. Nilinyanyua gari, nikaliweka juu ya stendi za chuma, nikatoa magurudumu yote. Kazi hii inahitaji watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine anakaa kwenye gurudumu na spana, anafungua na kufunga nati ndogo ambayo mafuta ya zamani yanatokea pamoja na hewa. Anayekanyaga akiachia pedali kabla nati haijafungwa, gari linavuta hewa na mnaanza upya. Dada ndiye aliyekuwa mkanyagaji wangu siku zote. Nikamwita. Akajibu kutoka jikoni kwamba pedali zangu atazigusa siku nitakayomwomba radhi kuhusu mguu wake. Nikamwambia asubiri sana. Akasema ana nafasi.

Baba akatokea na ndala zake. "Nitakukanyagia mimi," akasema.

Alipita mlango wa dereva, akazunguka mbele ya gari, akaingia upande wa abiria na kukaa. Nilimwambia Baba, tumia ile kubwa. Akanijibu kwamba hii na ile ni ndugu, ukimkanyaga huyu unamkanyaga na yule, na kwamba mguu wake unaijua hii. Ni kweli pedali hizo zimeungwa kwa fimbo ya chuma inayopita chini ya dashibodi. Ikishuka moja, na nyingine inashuka. Na baba yangu haambiwi jambo mara mbili. Nikaacha.

Nilivuta mafuta ya zamani kutoka kwenye kikopo chake kule mbele kwenye injini, nikajaza mapya, nikaanza na gurudumu lililo mbali zaidi. Nikavalisha nati mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha nyingine nikaitumbukiza kwenye chupa.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia, kijana wangu, fungua."

Alikuwa hodari, nisimnyime haki yake. Hakuachia hata mara moja kabla ya wakati. Mafuta ya mwezi mmoja yalitoka yana rangi ya kahawa, yameungua kabisa, yamejaa mapovu. Nikainua chupa kuelekea jikoni ili dada ayaone. Akafunga dirisha. Tuliendelea gurudumu kwa gurudumu, mimi nikijaza kikopo kabla hakijapungua, hadi mpira ukapitisha mafuta maangavu, ya manjano kwa mbali, bila povu hata moja. Nikafunga nati ya mwisho. Nikamwambia Baba aachie. Akasema ameachia. Nilijiona mfalme wa uani.

Kabla ya kurudisha magurudumu huwa nazungusha kila diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, kwa mkono, kuhakikisha breki haijabaki imeishika. Nikaanza na ya mbele. Ikakataa. Ilisogea kidogo, ikalalama, ikasimama.

Nikajua basi, kalipa imekwama. Kalipa ni ile taya ya chuma inayobana diski. Nikaifungua, nikasafisha pini zake zinazoteleza, nikazipaka grisi mpya, huku nikimlaani aliyeitengeneza, aliyeiuza na aliyeniuzia wazo la kuwa fundi. Katikati ya hayo Mama akamwita Baba ndani kwa ajili ya dawa yake ya macho. Nikafunga kalipa, nikazungusha diski. Ikateleza kama sahani juu ya siagi. Nikaipongeza grisi. Nikajipongeza na mimi.

Baba akarudi, akakaa kwenye kiti chake, akafungua redio ya gari. Walikuwa wanasoma matokeo ya mpira. Mimi kwa raha tu nikazungusha tena ile diski.

Ikakwama.

Maneno niliyoyasema hayaandikiki. Nilipiga bodi kwa kiganja hadi mkono ukafa ganzi. Nilifungua kalipa tena, nikaitazama, nikaifunga. Nikalala chini, nikaweka sikio. Nilikuwa tayari kuamini gari limerogwa, mimi ambaye nawacheka wanaoamini hivyo. Kisha nikazunguka nyuma ya gari kutafuta nyundo, sijui nilitaka kuifanyia nini, na hapo nikauona ukuta.

Ukuta wa ua wetu umepakwa chokaa, na jua lilikuwa limeshaondoka upande huo. Juu ya weupe ule kulikuwa na madoa mawili mekundu, yametulia. Taa za breki zilikuwa zinawaka.

Nikaenda mlango wa dereva, nikachungulia. Hapakuwa na mtu. Na bado pedali ilikuwa imeshuka kidogo, upana wa kidole, peke yake, kama imekanyagwa na mzimu. Nikaifuata kwa macho ile fimbo ya chuma, chini ya dashibodi, hadi upande wa pili. Mwishoni kulikuwa na ndala.

Ndani ya ndala kulikuwa na mguu wa baba yangu, umelala juu ya pedali kwa upole, kama mkono unavyolala juu ya kichwa cha mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa na redio. Timu yake ilikuwa imefungwa.

Dada alitoka jikoni. Alikuwa amesikia nikipiga bodi na amekuja kucheka. Nikamwonyesha kwa kidevu, ukuta kwanza, kisha mlango. Akatazama. Uso wake ukabadilika taratibu, na nikajua tumefika mahali pamoja: ule mnyoofu, taa zikiwaka mwanzo hadi mwisho, breki zikijipika zenyewe huku yeye amekanyaga mafuta ya mwendo hadi chini, na anapofika konani hakuna tena cha kukanyaga. Si mguu wake. Si mafuta yangu.

Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie. Siku zote hizo nimebeba jina la fundi muuaji, na sasa niko safi. Yeye pia alikuwa safi. Tungeweza kushangilia wote wawili kama si huyo mzee aliyekuwa katikati yetu akisikiliza matokeo.

"Baba," nikasema, "toa mguu kwenye breki."

"Nimeshatoa. Si uliniambia niachie?"

"Baba, tazama chini."

Akatazama. Aliutazama mguu wake kama unavyomtazama mgeni uliyemkuta amelala kitandani mwako. Akauinua, akauweka sakafuni. Madoa mekundu yakatoweka ukutani. Redio ikaendelea kusoma timu nyingine, na nyingine. Kisha ukuta ukawaka tena, na Baba hakuwa amejua. Alitambua kwa sababu alituona sote wawili tukigeuza vichwa. Akazima redio.

Dada ndiye aliyeanza. Aliuliza kama anajua kwamba wamekaribia kufa mara mbili. Baba akasema anajua, yeye ndiye aliyekuwa amekaa karibu naye. Dada akauliza sasa kwa nini. Baba akasema hakujua kwamba anafanya. Mimi nikaingilia, sikuweza kujizuia, nikasema mtu anawezaje kukanyaga pedali mnyoofu mzima asijue, mafuta yamegeuka kahawa, msimamizi ametufokea, mimi nimetukanwa nyumbani na dukani. Nilikuwa naongea haraka na kwa sauti ya juu, na sikuwa na adabu. Baba aliniacha nimalize.

"Nimekaa kwenye kiti hiki na watu wengi," akasema. "Wote wanataka kuniua, na wote hawana nia mbaya. Mguu umezoea kukaa hapo. Hauniulizi mimi." Akamgeukia dada. "Ule mnyoofu unauingia kwa kasi ambayo mimi sijawahi kuendesha nayo. Najua unaweza. Nimekufundisha mimi. Kichwa kinajua. Mguu haujaambiwa."

"Ungeniambia unaogopa."

"Ungeniacha nyumbani."

Baba alishuka garini, akafunga mlango kwa adabu, akanitazama.

"Fundi," akasema, "itoe."

Huwa ananiita fundi kwa utani, anapotaka nimrekebishie miwani. Safari hii hakutania. Akaingia ndani.

Boliti za ile pedali zilikuwa zimeshikana na kutu kama ndugu wa damu. Zilinichukua jioni nzima, na ngozi ya vidole viwili. Hakuna aliyewahi kufikiria kuitoa, ilikuwa sehemu ya gari kama kioo. Nilipoichomoa pamoja na fimbo yake, sakafu ya upande wa abiria ilibaki wazi, na upande mmoja ilikuwa na alama inayong'aa pale kisigino cha Baba kilipokaa miaka yote ile. Niliziba tundu. Kisha nikahitaji kupima pedali iliyobaki, na kabla sijafungua mdomo dada alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha dereva.

"Haya," akasema. "Sema."

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Ilikuwa ngumu kama ngazi ya mawe. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Tulirudisha magurudumu na kila mmoja alimpa mwenzake spana sahihi bila kuombwa.

Jumamosi msimamizi alitupokea kwa uso wa mtu anayepokea wageni waliovunja vyombo mara iliyopita. Nilimwambia atazame taa. Nikaenda kusimama kwenye uzio mwishoni mwa mnyoofu, mbele ya ule mchanga, mahali ambapo, kama kazi yangu ni mbovu, wa kwanza kujua ni mimi.

Waliingia wote wawili. Baba alikuwa amevaa kofia yake na kufunga mkanda. Gari la shule likatoka konani, likanyooka, likaja. Taa za nyuma sikuhitaji kuziona, niliziona kwenye uso wa msimamizi aliyekuwa ng'ambo ya pili: alitazama, akatazama tena, akashusha filimbi. Lilipofika kwenye kibao cha mita mia likainama puani, likapungua, likakata kona safi kama mkasi kwenye kitambaa. Mzunguko wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Nikaacha kuhesabu. Kila mara nilibana meno, na kila mara gari lilisimamishwa na mafuta yangu, kwa mguu mmoja tu, mguu wa dada. Sikumbuki nimewahi kuwa na kiburi kama siku ile, na mimi kiburi sikikopi.

Walifanya mzunguko wa mwisho polepole ili breki zipoe, wakaingia maegesho. Nilifungua mlango wa dereva, nikainama nikabonyeza pedali kwa mkono. Ngumu. Dada alikuwa anacheka peke yake ndani ya kofia. Nikalizunguka gari ili nimpongeze na Baba.

Mlango wake ulikuwa umeshafunguliwa. Shati lake lilikuwa limelowa hadi kiunoni. Zulia la sakafuni lilikuwa limekunjamana lote mbele, limesukumwa hadi likajibana chini ya dashibodi, na kiatu chake cha kulia kilikuwa kimetoka nusu.

"Mimi nimemaliza," akasema. "Nitakaa pale kivulini. Unatafuta pedali, kijana wangu. Mguu. Haupati kitu, ndiyo kwanza unazidi kutafuta." Akamgeukia dada. "Mwanangu, nenda mwenyewe. Breki zako ni nzima."

Nilichoka. Nilichoka kabisa, nawaambieni. Wiki nzima ya mafuta, grisi, kutu, matusi, vidole kuchubuka, gari limepona, na sasa mgonjwa ni abiria. Nikamwambia ashike kile kishikio cha juu ya mlango. Nikamwambia afumbe macho kwenye mnyoofu. Nikamwambia hata kofia yake tumeilipia hadi saa kumi. Dada akaniambia ninyamaze.

Alikuwa amevua glavu. Injini ilikuwa bado inanguruma chini chini, na magari mengine yalikuwa yanajipanga kwa zamu ijayo. Baba alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje, anatafuta ardhi kwa ncha ya kiatu. Dada yangu, ambaye tangu utotoni hajawahi kupunguza mwendo kwa ajili ya mtu yeyote, wala kwa polisi, wala kwa Mama, wala kwangu, aliinama juu ya kile kiti cha pembeni na kumshika mkono wa shati lililolowa.

"Baba, kaa. Huna breki, lakini una mdomo. Ukisema punguza, nitapunguza. Hapo hapo, hata kama ni katikati ya mnyoofu, hata kama mimi nina uhakika. Na sitakuuliza kwa nini."